HAKI YA MGENI ASIYEMJUA MTU



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hujisifu nalo, na kwa ajili hiyo ni nadra sana kuliangalia vizuri. Jambo lenyewe ni kumpokea mgeni. Sisi watu wa Karavia, na wa Lubumbashi nzima, tunapenda kusema kwamba kwetu mgeni halali njaa. Ni kweli. Hata kwenye lupango ambamo bukari inapikwa mara moja tu kwa siku, akitokea mtu mlangoni sahani itaongezwa, na yule aliyekalia kiti kizuri atainuka. Kwa hiyo swali la leo si kama tunatoa chakula. Swali ni hili: je, tunamkirimu mgeni mwenyewe, au tunakikirimu kile tunachotumaini kukipata kwake?

Tuseme jioni moja, jua limeshazama, unamkuta kijana wa Kizungu amesimama kando ya njia inayokwenda kwenye ile hoteli kubwa yenye jina la mtaa wetu. Ana begi kubwa mgongoni na viatu vimejaa vumbi. Mchana amevuka mpaka wa Kasumbalesa, akaja kilomita karibu 90 amebanwa ndani ya gari lililojaa watu na mizigo. Ameuliza bei ya chumba hotelini, ametoka kimya kimya. Vijana wa namna hii wapo. Wanazunguka nchi za watu kwa mabasi na malori, wanalala wanapopata, hawana mwenyeji wala barua ya kumjulisha kwa mtu. Kifaransa anakijua maneno kumi, Kiswahili hata moja. Utafanya nini?

Najua utakalofanya. Utamchukua. Watoto watamfuata nyuma mpaka mlangoni, maji ya kuoga yatachemshwa, mama watoto atamtuma binti akatafute yai au samaki kwa sababu sombe peke yake anaona haya kumwekea mgeni. Usiku huo atalala kwenye kitanda cha mtoto wako wa kwanza, na mtoto wako wa kwanza atalala chini. Na siku atakaporudi kwao, kijana huyo atasimulia maisha yake yote kwamba aliingia nchi ambayo watu walimtisha asiingie, na usiku wa kwanza akala kwenye sahani moja na watu asiowajua. Mwenyezi Mungu akulipe kwa hilo.

Lakini kuna mtu atakayeuliza, na swali lake si la kijinga. Atasema: ndugu yangu, viatu vya huyo kijana vina thamani kuliko kodi ya nyumba yako ya miezi miwili. Kwao ana benki, ana baba, ana kadi ya matibabu. Ni haki gani hii, maskini anamlisha tajiri, na mtoto wa maskini analala chini?

Jibu lake tunalo, nalo ni la zamani. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane ya watu wanaostahiki zaka. Fakiri na maskini wamo, mwenye deni yumo, na wa mwisho kutajwa ni mwana wa njia, yaani msafiri aliyekatikiwa. Wanavyuoni wameeleza kwamba huyu hupewa hata kama kwao ni tajiri, maadamu mali yake haimfikii pale alipo. Angalia uzito wa jambo hili. Sheria haikuuliza ana nini nyumbani. Imeuliza ana nini hapa, njiani, usiku huu. Kuna umaskini wa mfuko, na kuna umaskini wa njia, na huu wa pili unaweza kumpata hata mtoto wa mfalme.

Tena umaskini wa njia mara nyingi si wa pesa kabisa. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu anamwona na yeye hamjui yeyote. Yule kijana pesa kidogo anazo mfukoni. Asichokuwa nacho ni habari. Hajui teksi ya kutoka mjini ni bei gani. Hajui ni nani anayemwita kwa heri na nani anamwita kwa shari. Hajui njia gani haipitiki usiku, wala maji gani hayanyweki. Mtoto wako wa miaka minane anajua yote hayo na hajui kama anajua. Kwa hiyo, ukimpa mgeni bukari umempa kitu, lakini ukimpa ujuzi wako wa mahali umempa kikubwa zaidi, na hiki hakikupunguzii unga.

Sahaba Abdurrahman bin Awf (R.A.) alipofika Madina hana kitu, Mtume (S.A.W.) alimfunga undugu na Saad bin Rabii (R.A.), mmoja wa matajiri wa Ansari. Saad alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, na jioni ile akarudi na jibini na samli alizochuma mwenyewe. Sisi hadithi hii huwa tunaisimulia kwa kumsifu Abdurrahman kwamba hakuwa mvivu. Sawa. Lakini mtazame pia mwenyeji: hakuona haya wala hakuudhika nusu ya mali yake ilipokataliwa. Tena aliyeonyeshwa soko hakupelekwa kwa mjanja aliye karibu na mlango. Alionyeshwa soko la kweli.

Hapo ndipo sisi tunapokwama, ndugu zangu. Tukishamlisha mgeni nyumbani, tunamnyang'anya barabarani. Mtu yule yule atakayempa kiti chake usiku anaweza asubuhi kumpeleka kwa rafiki yake anayebadilisha pesa, wakagawana faida ya dola zilizohesabiwa vibaya. Nyanya za franka elfu moja zinakuwa za elfu tatu kwa sababu ya rangi ya aliyeuliza. Na tunacheka. Tunaona ni ujanja wa mjini, si wizi.

Mtume (S.A.W.) alikataza watu wa mji kutoka nje kwenda kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mwenye msafara alikuwa bado hajajua bei, na yule aliyekwenda kumlaki kwa tabasamu alikuwa anajua. Kwa nje ilionekana ni mapokezi. Ndani yake kulikuwa na kuchuma kutoka kwenye ujinga wa mgeni. Na aliyeuziana naye hivyo, akifika sokoni na kuona amepunjwa, ana haki ya kuvunja mauzo. Sasa nenda kasimame Kasumbalesa saa moja tu, uangalie wanaomkimbilia kila anayeshuka na begi, halafu uniambie kama katazo hili limezeeka.

Wazee wetu wa pwani walilitunza jambo hili vizuri kuliko sisi. Msafiri mkubwa Ibn Battuta, mtu wa Tanja huko Morocco, alifika Mogadishu mwaka 1331. Aliandika kwamba jahazi likiingia bandarini, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa, na kila mmoja akimpa mfanyabiashara mmoja chakula hicho na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara hashuki ila kwenda nyumba ya mwenyeji wake, isipokuwa yule aliyezoea mji na kujuana na watu wake. Mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia mwenyeji wake hayupo, mauzo hayo mbele yao ni batili. Biashara ilikuwamo, hatukatai. Mwenyeji naye alipata chake. Lakini kulikuwa na mtu mmoja mjini ambaye mgeni akidhulumiwa, aibu inamwangukia yeye.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa elimu, hivyo alichukuliwa na kadhi. Alikirimiwa tambuu na maji ya waridi. Aliletewa wali wa samli juu yake nyama, kuku na samaki, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili. Siku tatu waliletewa chakula mara tatu kwa siku. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo kadhi na wanafunzi wake walimjia na mavazi ya kuvaa, wakaenda naye msikitini kuswali. Mimi nikisoma habari hizi, ile ndizi ya maziwa naipenda, lakini hiyo nguo ya siku ya nne naipenda zaidi. Siku tatu alikuwa mgeni wa kulishwa. Siku ya nne amevikwa nguo ya watu wa pale, amesimama safu moja nao.

Nanyi mnajua kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Waswahili nao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia methali hii kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi naona maana yake ni nyingine. Jembe hapewi mtu unayetaka aondoke. Jembe hupewa mtu uliyemkubali alime karibu yako. Na imekatazwa pia upande wa pili, mgeni asikae kwa mwenyeji mpaka akamtia dhambini, maana mwenyeji hana tena cha kumwekea na moyo wake unaanza kunung'unika. Kwa hiyo usikope unga kwa ajili ya sifa. Sema ukweli kwamba leo kuna hiki tu. Nabii Ibrahim (A.S.) alipojiwa na wageni asiowajua alikwenda kimya kwa watu wake akaleta ndama wa kuchoma, bila kutangaza na bila kuwauliza kwanza wametoka wapi, lakini ndama alikuwa naye.

Sasa tugeuze upande mwingine. Jioni ile ile uliyomkuta kijana mwenye begi, mita mia mbili mbele kuna dereva wa lori. Ametoka Dar es Salaam, amepita Tunduma, ameikata Zambia yote, amekaa kwenye foleni ya Kasumbalesa siku ambazo ameacha kuzihesabu. Analeta bidhaa tunazotumia na atarudi na shaba na kobalti ya udongo wetu. Ni Mswahili. Huenda ni Mwislamu mwenzako, na ameswali safari yake yote peke yake kando ya matairi. Huyu naye ni mwana wa njia, kwa sheria ile ile. Mbona huyu watoto hawamfuati? Mbona yeye tunamuuliza amebeba nini, na kijana wa begi tulimuuliza amekula?

Na hata huyo dereva ana afadhali, maana ana lori la kurudi nalo. Kuna yule aliyeshuka jana kwenye treni kutoka Kasai na mfuko wa raba wa mistari, amekuja kutafuta maisha. Kuna mama aliyekimbia vita vya mashariki. Hawa siku ya kuondoka kwao haijulikani. Nadhani siri yetu iko hapo: tunampenda mgeni ambaye tunajua ataondoka. Mwenye pasipoti ya nje ataondoka, tena ataondoka anatusifu. Huyu wa treni tunaogopa atabaki.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Katanga imeumizwa na wageni. Msiri alifika nchi hii kama mgeni, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka upande wa Tabora, akapokewa na machifu wa hapa, na kwa bunduki na ujanja akawa mfalme Bunkeya. Kisha naye akapokea wageni wake. Mwaka 1891 alifika Kapteni Stairs na msafara wake kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri alipigwa risasi akafa. Mtu akikuambia kwamba mgeni anaweza kuchukua nyumba, usimwite mwongo.

Lakini tazama ni wageni wa namna gani. Walikuja na bunduki, na watu nyuma yao, na nia ya kutawala. Mtu aliyekuja na mfuko wa raba hakuja na jeshi. Kuchukua hofu ya Stairs na kumtwika kibarua wa Kasai ni dhuluma, na sisi tumeiona dhuluma hiyo kwa macho. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika hapa mwaka 1910, na kampuni ikawatafuta wafanyakazi kila mahali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Rwanda na Urundi. Watu hao hawakupewa hata siku mbili za ugeni. Jembe walipewa asubuhi ya kwanza, na jembe lenyewe lilikuwa sururu ya mgodini. Walizaa hapa, wakazika hapa. Kisha mwaka 1992 na 1993 wajukuu wao waliitwa bilulu, wadudu, wakafukuzwa Likasi na Kolwezi kwa mamia ya maelfu. Walilala kwenye stesheni wakisubiri treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na wengi walifia njiani. Wapo kati yetu walioona. Wapo walionyamaza. Na miongoni mwa waliofukuza walikuwemo watu ambao jioni moja kabla wangempa mgeni wa Kizungu kitanda cha mtoto wao.

Ndiyo maana nasema sahani ya usiku wa kwanza haitoshi kutupima. Sahani hiyo ni tamu kwa wote wawili, mpaji na mpewa. Haina hatari. Mgeni anashukuru, mwenyeji anajisikia mtu mwema, asubuhi wanapiga picha. Ukarimu unaanza kuuma pale mgeni anapoomba chumba cha kupanga, anapoweka meza yake ya kuuza mkabala na meza yako, anapotaka mtoto wake akae dawati moja na wa kwako.

Hata lugha hii unayosoma sasa ilikuja Katanga na misafara kutoka mashariki, ikapata watu wengi zaidi kambini kwa wafanyakazi. Haikuwa ya kabila lolote la hapa. Leo watoto wa Lubumbashi wanaota ndoto kwa Kiswahili, na hakuna anayekiuliza kitarudi kwao lini.

Na sisi Waislamu, wachache katika mji huu, tusisahau tulivyoanza. Kabla ya Hijra ya Madina kulikuwa na hijra ya Habasha, yapata mwaka 615, na nchi hiyo iko katika Afrika hii. Maquraishi walituma wajumbe na zawadi kwa Najashi, mfalme Mkristo, ili awarudishe wale wakimbizi. Najashi alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Aliposikia upande wao, alirudisha zawadi na kuwaacha wakae kwa amani. Hakuwauliza watakaa siku ngapi. Wengine walikaa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo jirani yako Mkristo akimpokea Mwislamu, au wewe ukimpokea kijana wa begi asiyeswali kabisa, hakuna jambo jipya linalofanyika. Usimgeuze chakula cha usiku kuwa darasa la kumsilimisha. Akiuliza, mjibu.

Mambo mawili madogo niyataje hapa kwa sababu nimeulizwa. Msafiri akiwa ni mwanamke peke yake, apokewe na wanawake wa nyumba na alale kwao, na wanaume wa lupango wajue kazi yao ni kuhakikisha hasumbuliwi na mtu, wao wenyewe wakiwa wa kwanza. Na mgeni wa nchi nyingine akilala kwako, mjulishe kwa shefu wa mtaa mapema, ukifuatana naye wewe mwenyewe, ili kesho asije akasimamishwa na mtu yeyote akakosa wa kumsemea.

Turudi kidogo kwa Ibn Battuta. Mwaka 1325, miaka sita kabla ya kula zile ndizi za maziwa, alitoka kwao Tanja akiwa na miaka 21, peke yake, anakwenda Hija. Njiani alishikwa na homa kali hata akajifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya tandiko ili asianguke. Msafara ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki. Wakasalimiana na kuulizana hali, huyu na huyu, kila mmoja na anayemjua. Yeye hakuna aliyemsalimu, kwa sababu hakuna aliyemjua. Akashindwa kuyazuia machozi, akalia kwa nguvu. Mmoja wa mahujaji aliona na akatambua anacholilia. Akamjia, akamsalimu, akaendelea kuzungumza naye kwa upole mpaka wakaingia mjini. Katika kitabu kile kimejaa majina ya masultani, makadhi na matajiri waliompa dhahabu, farasi na nguo za hariri. Jina la haji huyo halimo.